Mashine Ikizima Mwaloni

Mwalo wa dagaa hufanya kazi yake kubwa kabla jua halijakolea. Mitumbwi iliyotoka jioni na taa zake hurejea alfajiri, na kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili hivi asubuhi, mialo ya Kayenze, Igombe na Ukerewe hujaa wachukuzi, wanunuzi na akina mama wa kuanika. Katikati yao husimama mkusanya ushuru wa halmashauri, mashine ya POS mkononi, bunda la karatasi ya akiba mfukoni. Ndoo inahesabiwa, kiasi kinaandikwa, risiti inatoka, foleni inasogea. Mashine ikizima saa kumi na mbili na nusu, wakati mitumbwi ndiyo kwanza inagusa mchanga, hakuna atakayesimamisha shughuli ili mtu akatafute soketi. Dagaa wabichi wanatakiwa waanikwe mapema. Wakichelewa wanaharibika, na bei nayo inaporomoka. Basi ndoo zinapita. Nyingine zinaandikwa kwenye daftari, nyingine zinabaki kichwani mwa mkusanyaji, nyingine haziandikwi popote.

Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali zimekuwa zikitaja, mwaka baada ya mwaka, mashine za POS za halmashauri zinazokaa nje ya mtandao muda mrefu, na makusanyo ambayo hayakufika benki. Anayesoma ripoti hizo akiwa ofisini huona wizi, na mara nyingi wizi upo kweli. Lakini kuna mtu wa pili ndani ya takwimu zilezile: mkusanyaji mwaminifu ambaye mashine yake ilizima kwa sababu betri imechoka, chaji ya jana haikujaa, au mtandao ulikuwa ukitafutwa usiku kucha bila kupatikana. Akiulizwa, jibu lake ni lilelile la mwizi: chaji iliisha. Hana namna ya kuthibitisha. Naona huo ni uonevu, na unauma zaidi kwa sababu dawa yake ni ya bei ndogo kuliko hasara ya wiki chache za msimu mzuri wa dagaa.

Nchi yetu imehamishia hesabu zake nyingi kwenye vifaa vya mkononi kwa kasi kubwa. Mashine za risiti za kielektroniki, EFD, zilianza kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT mwaka 2010. Halmashauri zikafuata na POS za ushuru, vivuko na mabasi vikafuata na mashine za tiketi. Kisha ikaja Sensa ya Watu na Makazi ya 23 Agosti 2022, ambapo makarani waliingia mitaani na visiwani na vishikwambi vipatavyo 205,000 badala ya madodoso ya karatasi yaliyotumika 2012. Watu 61,741,120 walihesabiwa, 3,699,872 kati yao katika mkoa wa Mwanza. Ilikuwa kazi kubwa, na ilifanikiwa. Ila sensa ilikuwa na bahati ambayo mwalo hauna: vifaa vilikuwa vipya, na zoezi lenyewe lilikuwa la siku chache. Mashine ya mwaloni hufanya kazi hiyo kila alfajiri, miaka nenda rudi, kwa betri ileile, na mara nyingi hubadilisha mikono bila mtu yeyote kueleza hali yake.

Tuanze na hesabu, maana malalamiko mengi kuhusu chaji yanaelekezwa pasipostahili. Chukua mashine yenye betri ya miliampea-saa 5,000. Kila mtu mwaloni atakwambia printa ndiyo inayokula chaji, kwa kuwa sauti yake inasikika. Sasa fanya kwamba printa inavuta ampea 2 kwa sekunde 3 kutoa risiti moja. Hiyo ni chini ya miliampea-saa 2. Risiti 300 kwa asubuhi moja zitakula kama 500, yaani sehemu moja ya kumi ya betri. Kioo je? Kikiachwa wazi kwa mwanga wa juu kabisa, ili kisomeke juani, kinaweza kuvuta miliampea 200 mfululizo. Kwa saa nane hiyo ni 1,600. Kioo kisicho na sauti kimekula mara tatu ya printa yenye kelele. Kukiweka kijizime baada ya sekunde 15 bila kuguswa, na kupunguza mwanga alfajiri wakati bado giza, kunaokoa chaji nyingi kuliko kubania risiti.

Mlaji wa tatu ni redio ya simu iliyo ndani ya mashine, nayo tabia yake hubadilika kulingana na mahali. Ukiwa katikati ya jiji la Mwanza, karibu na mnara, mashine hunong'ona na mnara huisikia. Ukiwa nyuma ya mawe makubwa ya ufukweni, au kwenye kisiwa kidogo ambako mnara uko ng'ambo ya maji, inalazimika kupiga kelele. Kwenye mtandao wa kizazi cha pili, kifaa cha mkononi huweza kurusha mawimbi yenye nguvu ya hadi wati 2 kinapokuwa mbali na mnara, na ndani yake mkondo wa umeme huruka kwa mafungu mafupi mafupi hadi ampea 2 hivi. Mtandao ukipotea kabisa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mashine inaendelea kutafuta, inakosa, inatafuta tena. Ndiyo maana mashine iliyolazwa usiku mahali pasipo na mtandao huamka na chaji nusu ingawa hakuna aliyeigusa.

Hapa ndipo lilipo jambo linalowachanganya watu kuliko yote: mashine inaonyesha asilimia 30, mkusanyaji anabonyeza kutoa risiti, na inazima. Akiiwasha, inasema asilimia 28. Wengi huamini mashine imeharibika au ina mapepo. Ukweli ni kwamba betri ya lithiamu ikiwa mpya ina volti 4.2 ikijaa, na mashine nyingi hujizima ikishuka karibu na 3. Katikati kuna nafasi ya kutosha. Lakini betri inapozeeka, ukinzani wake wa ndani unaongezeka: chaji imo, ila haitoki kwa wingi ghafla. Printa inapowasha kichwa chake cha joto, chenye nukta 384 zilizopangwa kwa mstari kwenye karatasi ya milimita 58, nukta nyingi zinataka umeme kwa pamoja. Kama sekunde hiyohiyo redio nayo inarusha taarifa za muamala uliopita, mahitaji mawili makubwa yanakutana. Volti inaporomoka chini ya kikomo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mashine, kwa kujilinda, inazima. Mzigo ukiondoka, volti inapanda tena, ndiyo maana asilimia 28 inarudi kana kwamba hakuna kilichotokea.

Ukilijua hilo, mambo kadhaa hubadilika. Nembo kubwa nyeusi juu ya risiti, iliyowekwa ili ipendeze, huwasha karibu nukta zote kwa pamoja. Ikiondolewa, kilele cha umeme kinashuka. Wino wa printa hizi ni joto lenyewe, kwa hiyo ukolezi unaweza kupunguzwa daraja moja kwenye mipangilio na risiti ikaendelea kusomeka. Programu inaweza kuandikwa ichape kwanza, ipumue kidogo, ndipo itume. Hayo si mambo ya mkusanyaji. Ni ya waliotengeneza mfumo na walioununua, na wanapaswa kuyafanya kabla mashine haijafika Nansio, Ukerewe. Kwa upande wake mkusanyaji anaweza kutambua dalili: mashine inayozima wakati wa kuchapa tu, na si wakati mwingine, inadai betri mpya. Kuizima na kuiwasha mara kwa mara hakuitibu, na kila kuwasha kunakula chaji ya ziada.

Sasa nifike kwenye desturi inayonitia wasiwasi zaidi. Mtu akishajua kwamba mtandao unakula chaji, jambo la kwanza analofanya ni kuzima data. Anakusanya asubuhi nzima nje ya mtandao, na kutuma anasema atatuma jioni akipata umeme. Akiba ya chaji inapatikana kweli. Lakini kwa saa hizo zote, kumbukumbu ya fedha za umma iko sehemu moja tu duniani, ndani ya kifaa kinachoshikwa kwa mikono yenye maji, juu ya gati, ndani ya mtumbwi, kwenye pikipiki.

Sisi wa kanda ya ziwa tumeshaona maana yake kwa uchungu usiosahaulika. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko MV Nyerere, kilichoruhusiwa kubeba watu 101, kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 220 walifariki. Katika saa za kwanza hakuna aliyeweza kusema kwa uhakika ni wangapi walikuwamo. Taarifa za siku zile zilieleza kwamba aliyekuwa akikata tiketi naye alifariki, na mashine yenye kumbukumbu za abiria ilipotea. Betri haikuwa chanzo cha msiba ule. Chanzo kilikuwa kingine. Nautaja msiba huo kwa sababu unaonyesha uzito wa orodha inayokaa kwenye kifaa kimoja bila nakala nchi kavu. Familia zilizokuwa zikisubiri majina zilistahili orodha hiyo.

Kwa hiyo kubania chaji kwa kukata mawasiliano si njia ninayoweza kuipendekeza. Njia iliyo bora ipo, nayo ni kutuma kwa mafungu. Mashine ikiruhusiwa kuunganishwa na mtandao kila baada ya dakika kumi au kumi na tano, au kila risiti ishirini, inatuma zote kwa mpigo na redio inalala. Gharama kubwa ya redio ni kuamka, kujitambulisha kwa mnara na kubaki macho. Kutuma risiti ishirini pamoja kunazidi kidogo tu kutuma moja. Kwenye vivuko, fungu la mwisho litumwe kabla kamba haijafunguliwa gatini. Programu ikiwekwa hivyo, mkusanyaji hana haja ya kuchagua kati ya chaji na uaminifu.

Jambo jingine ni la mwezi. Uvuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikiwa angani taa haziwavuti dagaa vizuri, na kwa siku kama wiki moja hadi kumi katika kila mwezi mitumbwi mingi hukaa nchi kavu, wavuvi wakishona nyavu na kupumzika. Mashine ya ushuru nayo hupumzika, na namna inavyopumzishwa ndiyo inayoiua. Mkusanyaji mwenye bidii huijaza hadi asilimia 100 na kuiacha kwenye chaja, au huiweka imejaa ndani ya kibanda cha bati. Kwa betri ya lithiamu, kukaa imejaa kwenye joto ndiyo adhabu kubwa kuliko zote. Vipimo vinavyojulikana na watengenezaji vinaonyesha kwamba betri iliyohifadhiwa mwaka mzima ikiwa imejaa, kwenye nyuzi 25, hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake. Kwenye nyuzi 40 hubaki na takriban 65. Ikihifadhiwa na chaji ya asilimia 40 tu, kwenye nyuzi zilezile 40, hubaki na karibu 85. Mwanza iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, hewa yake si ya joto kali, lakini chini ya bati mchana, au juu ya meza juani, kifaa cheusi hupita nyuzi 40 bila shida.

Ushauri wake ni rahisi, na haujaandikwa kwenye mwongozo wowote wa mashine niliowahi kuusoma, kwa sababu walioiunda hawavui dagaa. Mbalamwezi inapoanza, mashine iachwe ishuke hadi nusu, izimwe kabisa, iwekwe kivulini penye hewa: ndani ya nyumba ya tofali, kwenye sakafu, si juu ya kabati chini ya paa. Siku moja kabla giza halijaanza, ijazwe. Kalenda ya mwezi ambayo kila mvuvi anayo kichwani ndiyo kalenda bora ya kutunzia betri hiyo.

Kwa nini basi watu wanafanya kinyume? Kwa sababu ziwa lina elimu yake ya betri, elimu ya kweli, ila ni ya betri nyingine. Karabai za mafuta ya taa zilipoanza kuachia nafasi taa za LED, wavuvi walijifunza kuishi na betri za asidi, zile za pikipiki na za sola. Betri ya asidi inataka kujaa muda wote. Ukiiacha nusu kwa siku nyingi, mabamba yake ya risasi huota ukoko na haipokei chaji tena. Mvuvi anayesema betri isiachwe bila kujaa anasema kweli kuhusu betri yake. Akimfundisha kijana wake aliyepata kazi ya ushuru, fundisho linaingia kwenye kemia isiyolikubali. Na wazee wa redio za upepo na simu za kwanza wanakumbuka betri za nikeli na kadimiamu, zilizotakiwa kumalizwa kabisa kabla ya kuchajiwa. Kumaliza betri ya lithiamu hadi izime kila siku kunaifupishia maisha. Inapenda kuchajiwa kidogo kidogo, kati ya asilimia 20 na 80 ikiwezekana, na kujazwa kabisa pale tu kazi inapodai. Betri hizi zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, na walioziwezesha, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Ni elimu changa ukilinganisha na ya asidi, na hakuna aliyeileta mwaloni kwa utaratibu.

Chaji yenyewe inatoka wapi? Mjini inatoka TANESCO, na mgao wa mwishoni mwa 2023 ulifundisha wengi kutoiamini soketi peke yake. Ukara ilipata umeme wa sola wenye betri na jenereta ya dizeli kupitia kampuni ya JUMEME, ulioanza Bwisya mwaka 2016. Visiwa vidogo vya wavuvi vinategemea paneli juu ya paa na vibanda vya kuchajia simu. Kibandani simu ishirini huning'inia kwenye waya mmoja, na mashine ya serikali hupanga foleni pamoja nazo. Waya mwembamba na mrefu hupoteza umeme njiani, chaja ya kuazima hutoa nusu ya mkondo unaotakiwa, na mkusanyaji anaambiwa imekaa saa tatu ilhali imejaa robo. Kisha kuna tundu la chaji. Ute wa samaki ukikauka pale na kukutana na unyevu, pini hushika kutu ya kijani, na mashine huchaji ikishikwa upande tu. Mswaki mkavu na mfuko mzuri wa nailoni vinazuia hilo. Mate na kipande cha kiberiti, ambavyo ndivyo hutumika, vinalimaliza tundu kabisa.

Gharama za kibanda, kwa kawaida, hutoka mfukoni mwa mkusanyaji. Ni shilingi chache kwa siku, lakini kumdai mtu atunze fedha za umma kwa chaji anayoinunua mwenyewe si haki, na kunafungua mlango wa kujilipa kutoka kwenye makusanyo.

Kwenye manunuzi ndipo ninapotaka halmashauri zibadilike kwanza. Betri ya lithiamu ya kawaida huvumilia mizunguko 300 hadi 500 ya kujaa na kuisha kabla haijashuka hadi asilimia 80 ya uwezo. Inayojazwa na kuisha kila siku hufika huko kati ya miezi kumi na kumi na sita. Mashine hununuliwa kwa matarajio ya miaka mitano. Maana yake ni kwamba kila mashine inahitaji betri nne hadi sita katika maisha yake, na hizo ziandikwe kwenye mkataba siku ya kwanza, pamoja na sharti kwamba betri inabadilishwa kwa mkono bila kupeleka mashine nzima kwa fundi jijini. Mkusanyaji awe na betri mbili, moja kazini na moja mfukoni, zenye namba, na tarehe ya kuanza kutumika iandikwe ubavuni kwa kalamu isiyofutika. Mfumo upokee pia kiwango cha chaji kila mashine inapotuma taarifa. Hapo mkaguzi akikuta saa mbili za kimya ataona kama betri ilikuwa ikishuka kweli kabla ya kimya, au ilikuwa asilimia 90 na mtu aliizima. Mwizi atakosa kisingizio, na mwaminifu atapata shahidi.

Betri iliyovimba isitobolewe wala isitupwe ziwani au jalalani inakochomwa takataka. Irudishwe halmashauri wakati wa kuchukua mpya, mbovu moja kwa mpya moja. Haya yote yanahitaji bajeti, na mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kabla bajeti haijafungwa, mweka hazina anaweza kudai orodha ya kila mwalo: mashine ngapi, betri ya kila moja ina umri gani, inachajiwa wapi na nani analipia. Ukara na visiwa vidogo viwekwe juu ya orodha hiyo, kwa kuwa huko mashine ikizima, fundi wa karibu yuko ng'ambo ya maji.